Mfuo Ukilika Haurudi

Siku hizi usiku wa santuri umekuwa fasheni. Nairobi na Dar es Salaam, ukipita baa za vijana waliosoma, utakuta mashine mbili mezani, taa hafifu, na DJ aliyevaa shati la maua la enzi za wazazi wetu. Watu wanapiga picha. Jalada la santuri linainuliwa juu kama kombe la ubingwa. Kisha sindano inashushwa, na mwenye masikio anasikia jambo ambalo picha haiwezi kusema: sindano imekwisha, mkono wa mashine umetwikwa uzito kupita kiasi, na santuri iliyodumu miaka arobaini inachongwa upya mbele yetu huku tukishangilia.

Niseme wazi. DJ asiyetunza sindano yake hajui kuchanganya muziki, hata kama umati unaruka. Tumezoea kuzigawa kazi hizi mbili: kuchanganya ni ya msanii, kutunza ni ya fundi, na fundi aitwe chombo kikishaharibika. Mgawanyo huu ni wa uongo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako santuri nyingi tulizonazo ni nakala za mwisho mwisho, uongo huu una gharama ambayo hakuna atakayeilipa.

Tuanze na kinachotokea pale chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mfuo wa santuri ni bonde jembamba lenye kuta mbili. Katika santuri ya stereo, ukuta mmoja umebeba sauti ya upande wa kushoto na mwingine ya kulia. Sindano inapita katikati, ikitikiswa na vilima vidogo vilivyochongwa kwenye kuta hizo, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa umeme na hatimaye sauti. Ncha ya sindano ni almasi. Santuri ni plastiki. Gramu mbili au tatu ni uzito mdogo mkononi, lakini ukiwekwa wote juu ya nukta isiyoonekana kwa macho unakuwa shinikizo kubwa mno. Plastiki hulistahimili maadamu ncha ni laini na ya mviringo. Ncha ikishalika na kuwa bapa, inaota kingo. Almasi yenye kingo ni patasi.

Patasi hiyo huanza na sauti za juu: matoazi, herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji, ule mlio mkali wa gitaa la solo. Kilichokwanguliwa hakirudi. Ukiiosha santuri utaondoa vumbi, hutarudisha ukuta. Programu ya kompyuta inaweza kupunguza mikwaruzo, lakini haiwezi kukumbuka sauti ambayo haipo tena.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: sindano nyepesi kupita kiasi nayo huharibu. Ikikosa uzito wa kutosha inarukaruka ndani ya mfuo, inaachana na ukuta na kuugonga tena, mara nyingi kwa kila sekunde. Kwa hiyo anayejisifu kwamba ameipunguzia gramu ili "kuihurumia" santuri hajaihurumia. Tiba ni uzito ule ule aliouandika mtengenezaji wa katriji, usiozidi wala kupungua. Sarafu zinazobandikwa juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke hazina nafasi katika hesabu hiyo.

Sasa fikiria kilichomo ndani ya mifuo hiyo. Katika miaka ya 60, 70 na 80, Nairobi ndiyo iliyokuwa karakana ya santuri ya eneo hili. Bendi za benga za Nyanza, wanamuziki wa Kongo waliohamia Kenya, na bendi za dansi za Tanzania, wote kazi zao zilifyatuliwa huko, nyingi zikiwa santuri ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Viwanda vile vilifungwa zamani. Kampuni zikauzwa au zikafa, na tepu mama nyingi hazijulikani ziliko. Ndiyo maana kampuni za Ulaya zinapotoa upya muziki wa aina hii, mara nyingine hulazimika kuunakili kutoka kwenye santuri yenyewe, nakala safi kuliko zote zitakazopatikana.

Maana yake ni kwamba santuri iliyo mkononi mwa DJ wa Ijumaa usiku inaweza kuwa ndiyo tepu mama iliyobaki.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia. Nikienda chumba cha nyaraka kusoma barua ya afisa wa kikoloni aliyelalamikia mbu na kodi, nanyang'anywa kalamu ya wino, naambiwa nitumie penseli, nafunue ukurasa taratibu. Barua hiyo haiwezi kuchakaa kwa macho yangu. Santuri huchakaa kila inaposomwa, maana kuisoma ni kuikwangua. Na bado hati hii inayolika kwa kusomwa tumemwachia yeyote mwenye shati la maua.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa. Basi, wataniambia, zipelekeni makumbusho, zifungiwe kabatini, ma-DJ wacheze faili. Nalikataa jibu hili kwa nguvu ile ile. Muziki huu ulitengenezwa ili watu wacheze, na sanaa ya mashine mbili inauelewa kuliko kabati linavyouelewa.

Chukua santuri ndogo ya Nairobi ya miaka ya 70. Wimbo ni mrefu kuliko upande mmoja, kwa hiyo mara nyingi umekatwa vipande viwili: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Upande wa kwanza unabeba hadithi na mashairi. Wa pili mara nyingi ndio wenye ile sehemu ya kasi ambayo Wakongo waliiita sebene na wanamuziki wa Tanzania wakaiita chemko, magitaa yanapoachiwa na watu kuinuka vitini. Mwenye mashine moja analazimika kusimamisha wimbo pale hasa damu ilipochemka, aigeuze santuri, aanze upya. Mwenye mashine mbili na nakala mbili anaunganisha vipande, na wimbo unasikika mzima kama bendi ilivyoupiga.

Ndicho alichokifanya DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, katika mtaa wa Bronx, New York. Katika sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973, ambayo wengi huihesabu kuwa kuzaliwa kwa hip hop, wachezaji walikuwa wakingojea vipande vifupi vya ngoma tupu, naye akaja kuwa maarufu kwa kutumia nakala mbili za santuri moja kuvirefusha. Herc alirefusha kipande kifupi. Sisi tunaunga wimbo uliokatwa. Mbinu ni moja. Anayesema mashine mbili ni mchezo wa Wazungu usiotuhusu hajawahi kugeuza santuri ya benga katikati ya uhondo.

Jibu la pili linatoka upande mwingine. Kwa nini mtu ajichoshe kujifunza kulinganisha kasi kwa masikio, wakati programu inalinganisha kwa kitufe kimoja? Sitakicheka kitufe hicho. Kwa muziki uliopangwa na kompyuta, wenye mdundo usioyumba tangu mwanzo hadi mwisho, kinafanya kazi yake vizuri. Lakini wapiga ngoma wa benga na dansi hawakurekodi huku kompyuta ikiwahesabia. Walikuwa binadamu ndani ya studio moja na wenzao. Wimbo ukipata moto, wanaharakisha. Chemko ikiingia, kasi inabadilika kabisa. Namba inayotajwa mwanzoni mwa wimbo wa aina hiyo ni kweli kwa dakika ya kwanza tu. Baada ya hapo kinachohitajika ni mkono unaofuata.

Mkono unaofuata hufundishwa hivi. Tafuta nakala mbili za santuri moja ya kawaida, iliyotolewa upya na inayopatikana madukani, wala si ile adimu. Iache moja icheze. Ya pili isikilize kwa sikio moja la hedifoni, sikio jingine likibaki wazi. Zikipishana utasikia mapigo mawili karibu karibu, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupatana. Zikilingana utasikia mchi mmoja. Ya pili ikitangulia, gusa ukingo wa sinia kwa ncha ya kidole ili ipungue. Ikichelewa, isukume kidogo mbele. Hiyo ni dawa ya muda. Ikiwa inarudia kosa lile lile kila baada ya sekunde chache, tatizo ni kasi yenyewe, na hapo tumia kitelezi. Wanafunzi wengi huhangaika na kidole usiku kucha kwa jambo ambalo kitelezi kingelimaliza mara moja.

Nakala mbili zikikubali, hamia nyimbo mbili tofauti. Hesabu mapigo kwa nne nne, na usikilize sentensi za gitaa zinapoanzia na kuishia. Usiingize mwimbaji juu ya mwimbaji. Hata kwenye harusi wasemaji hupokezana. Punguza besi ya wimbo unaotoka wakati besi ya unaoingia inapanda, kwa sababu besi mbili pamoja huwa matope. Na ujue mpaka wa kitelezi. Kwenye Technics SL-1200MK2, mashine iliyokuja kuwa kipimo cha wote tangu 1979, kinaongeza au kupunguza kasi hadi asilimia 8. Lakini santuri ikienda haraka zaidi, sauti nayo hupanda, na karibu asilimia 6 inatosha kupandisha wimbo nusu toni nzima. Wimbo wenye midundo 112 kwa dakika ukiulazimisha ufike 120, umeuongeza asilimia 7 na ushee. Mwimbaji uliyemfahamu tangu utotoni kwenye redio ya bibi sasa ni mgeni. Ni heri usichanganye kabisa: subiri sentensi iishe, kata, ingia na wimbo mpya. Kujua wakati wa kutochanganya nako ni ujuzi, na kitufe hakina ujuzi huo.

Kutunza kunaingia papo hapo, katikati ya somo la masikio. Sindano yenye bonge la vumbi huzima sauti za juu, na sauti za juu ndizo zinazokuonyesha mapema kwamba nyimbo zimeanza kupishana. Kitelezi chenye uchafu ndani huruka kutoka kasi moja hadi nyingine, nawe unadhani mkono wako ndio mbovu. Mashine iliyoinama huuvuta mkono upande mmoja. Anayejifunza kwenye vyombo vichafu anayafundisha masikio yake uongo, kisha anashangaa kwa nini hapigi hatua.

Kwa nini basi jambo lililo wazi hivi halifanywi? Nina shaka kwamba chanzo si umaskini pekee. Ni dharau. Sisi tuliosoma tumerithi wazo kwamba akili iko juu na mikono iko chini. Tunapenda kuitwa wasanii na watunzaji wa urithi, lakini kushika bisibisi ni kazi ya yule kijana wa kibanda cha redio. Historia ya sanaa hii inatukanusha. Grandmaster Flash, aliyechora alama kwenye santuri zake ili aone mpigo unapoanzia, alisomea umeme katika shule ya ufundi huko Bronx, na alijitengenezea swichi ya kusikiliza mashine ya pili kabla umati haujaisikia. Aliweza kuchanganya kwa sababu alikuwa fundi.

Na ufundi wenyewe si siri. Kabla ya kucheza, sawazisha mkono hadi uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, weka kipimo kwenye sifuri, kisha uzungushe hadi gramu zinazotakiwa. Mzani mdogo wa sindano utakuhakikishia. Safisha ncha kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, usiipanguse kwa pembeni wala kwa kidole. Futa nyaya na viunganishi vya kichwa cha mkono. Ukisikia mvumo mzito usioisha, angalia waya wa ardhi kabla hujalaumu spika. Fuata muda wa matumizi aliotaja mtengenezaji: maisha ya sindano huhesabiwa kwa mamia ya saa, na DJ anayecheza saa nne kila wiki anatimiza saa 200 ndani ya mwaka. Nunua sindano kwa muuzaji unayemjua, kwa sababu bandia zimejaa sokoni, hasa za katriji za Shure, kampuni iliyoacha kuzitengeneza mwaka 2018. Santuri isimame wima, isilale. Na isiachwe ndani ya gari juani Mombasa, itarudi imepinda kama chapati.

Wapo watakaosema: haya ni maneno ya mtu mwenye pesa. Sindano nzuri inaweza kumaliza malipo ya usiku mzima. Ni kweli, na hapa nataka tuhamishe kidole kutoka kwa DJ kwenda kwa mwenye ukumbi. Katika baa moja nimeona mashine zimewekwa juu ya ubao mwembamba uliolazwa kwenye makreti, spika ya besi ikiwa hatua moja kutoka hapo. Kila besi ilipopiga, ubao ulitikisika na sindano ikaruka. DJ akaongeza sarafu. Ikaruka tena, akaongeza nyingine. Kosa lilikuwa la meza, na adhabu ikaipata santuri. Mwenye ukumbi aliuza viingilio kwa jina la santuri huku hajanunua hata bamba la jiwe la kuweka chini ya mashine. Anayetangaza usiku wa santuri atoe meza nzito, aweke spika mbali, apige marufuku glasi karibu na mashine, na bei ya sindano iingie kwenye malipo ya DJ kama nauli inavyoingia. Asiyeweza hayo atangaze usiku wa faili, na hakuna atakayemlaumu.

Na ma-DJ wenyewe wakubali mipaka. Kurudisha santuri nyuma kwa mkono ili kutafuta mpigo wa kwanza huikwangua pale pale mwanzoni mwa wimbo, na kuikwaruza kwa mtindo wa hip hop huikwangua zaidi. Fanya hivyo kwa santuri zinazopatikana. Ile uliyoikuta moja tu, kwa mfano katika vibanda vya Soko la Kenyatta pale Nairobi, kwanza ioshe, inakili kwa sindano nzuri na uhifadhi faili lake mahali pawili. Halafu icheze, lakini icheze moja kwa moja, bila kuivuta nyuma. Na zipo ambazo haziendi baa kabisa. Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za enzi yake ni za shelaki, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na mfuo wake ni mpana kiasi kwamba sindano ya kawaida ya DJ hupwaya chini kabisa. Ukiziosha kwa spiriti, inayovumiliwa na plastiki ikiwa imechanganywa na maji, utaziyeyusha. Anayezicheza kwa mbwembwe ili apigwe picha anaharibu mali isiyo yake, hata kama risiti anayo mfukoni.

Siwaombi vijana waache santuri. Nawaomba waidai kwa ukali zaidi. Ijumaa ijayo, kabla hujainua simu kupiga picha, mkaribie DJ wakati wa mapumziko umuulize mambo matatu. Sindano hii ina saa ngapi? Umeiweka gramu ngapi? Huu wimbo adimu, umeshaunakili? Akikujibu, mnunulie soda na urudi ukumbini ucheze hadi alfajiri. Akikucheka, basi muulize la nne: mwanao akitaka kuusikia wimbo huu, utamwekea nini?